Namna ya kununua na kufufua jiko la kale la makaa ya mawe

Kabla hujaulizia bei, fungua mlango wa jiko na uingize mkono. Achana kwanza na taji iliyoko juu na nikeli inayong'aa ubavuni. Pitisha vidole kwenye ukuta wa chungu cha moto, pale makaa yalipokuwa yakiwaka, kisha shuka taratibu mpaka kwenye wavu. Ukigusa ufa, uvimbe au tundu, umeshajua mambo ambayo pengine hata muuzaji hayajui.

Nasema hivi kwa sababu jiko langu la kwanza nililinunua kwa macho. Lilikuwa limepakwa rangi nyeusi ikametameta, milango yote ipo, miguu yote minne ipo. Ndani hakukuwa na wavu. Miaka mitatu nilikaa nalo kama pambo, nikitafuta kipande kimoja cha chuma chenye upana wa sinia. Tangu hapo nina kanuni moja: jiko linanunuliwa kuanzia ndani kuja nje, na linatengenezwa hivyo hivyo. Mng'aro ndiyo kazi ya mwisho.

Majiko ninayoyazungumzia ni yale ya kupashia nyumba joto, ya chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu ya mchanga. Mengi yanayopatikana leo yalitengenezwa kati ya katikati ya karne ya 19 na miaka ya 1930, Marekani na Ulaya.

Kwanza jua unachokitazama

Makaa ya mawe hayawaki kama kuni. Kuni zinaridhika na hewa inayopita juu yake, zikiwa zimelala hata kwenye majivu. Makaa ya mawe, hasa yale magumu yaitwayo anthrasaiti, yanataka hewa ipande kutoka chini, ipenye katikati ya lundo zima. Pia yanataka lundo liwe nene. Ukiyatandaza kama unavyotandaza mkaa wa kuchomea nyama, yanazima. Ndiyo maana jiko la makaa ya mawe lina chungu chenye kina, wavu wa kutikiswa chini yake, na chumba cha majivu chenye kilango cha hewa. Kimoja kati ya hivyo vitatu kikikosekana, ulicho nacho ni sanduku la chuma.

Wamarekani walipata anthrasaiti kwa wingi kutoka kaskazini-mashariki mwa Pennsylvania, na mafundi wao wakasumbuka muda mrefu kutafuta namna ya kuiwasha ndani ya nyumba. Eliphalet Nott, aliyekuwa mkuu wa chuo cha Union kule Schenectady, jimbo la New York, ni miongoni mwa waliopata hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi, za majiko ya aina hii katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Miji jirani ya Albany na Troy, kando ya mto Hudson, ikawa kitovu cha viwanda vya majiko, na kazi yao ya nakshi bado inatafutwa sana. Baadaye Detroit ikachukua usukani.

Kwa mkusanyaji kuna makundi matatu ya kuyajua.

La kwanza ni jiko la kujilisha. Juu ya chungu cha moto linaning'inia pipa jembamba linalojazwa makaa. Yanayowaka chini yakipungua, mengine yanateremka yenyewe. Moshi wake wa moto hauendi moja kwa moja kwenye bomba. Unashuka nyuma, unazunguka chini ya kitako cha jiko, ndipo unapanda. Haya ndiyo yenye madirisha mengi ya ulanga (maika, madini ya tabaka nyembamba yanayopitisha mwanga) na nikeli nyingi, ndiyo yanayopendwa kuliko yote, na ndiyo yenye vipande vingi vya kupotea. Mtu asianze na hili.

La pili ni jiko la pipa, ambalo Wamarekani walizoea kuliita Oak, hata pale ambapo kiwanda kilikuwa kingine kabisa. Kitako na kichwa ni vya kusubu, katikati ni mviringo wa bati nene. Kampuni ya Round Oak ya Dowagiac, Michigan, ndiyo iliyolifanya lipate sifa. Ni jiko jepesi kulielewa. Anza na hili.

La tatu ni majiko ya Ulaya. Godin ya mji wa Guise, Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka 1840, ilitoa majiko ya duara yaliyopakwa enameli, yaani tabaka la kioo lililochomwa juu ya chuma, na bado kampuni ipo, jambo linalorahisisha kidogo utafutaji wa vipuri. Enameli ni habari nyingine: ikishabanduka hakuna unachoweza kufanya nyumbani isipokuwa kuikubali.

Na kwa kuwa tumetaja Detroit: kampuni ya Michigan Stove ilijenga mfano wa jiko lake la Garland kwa ajili ya maonyesho ya Chicago ya mwaka 1893, wenye urefu wa takriban mita 7 na nusu, wote kwa mbao zilizochongwa zikafanana na chuma. Ulihamishwa hapa na pale kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 2011 ukapigwa radi, ukaungua.

Ukaguzi wakati wa kununua

Nenda na tochi, sumaku, brashi ya waya na kipande cha mti mgumu. Sumaku hushika chuma cha kawaida, lakini haishiki shaba wala alumini, kwa hiyo itakuonyesha vipande vilivyobadilishwa kiholela. Kipande cha mti ni cha kugongea. Gonga kila ubao wa chuma kwa upole. Chuma kizima kinalia kama kengele, sauti inabaki kidogo hewani. Chenye ufa kinatoa sauti iliyokufa, kama chungu kilichopasuka. Sikio lako litazoea haraka. Baada ya majiko matano hutahitaji kufikiri.

Kutu isikutishe. Jiko lililokaa bandani miaka 40, jekundu lote, linaweza kuwa bora kuliko lile lililopakwa rangi jana. Rangi mpya inaficha saruji iliyojazwa kwenye ufa. Cha kuogopa ni chuma kilichopinda, kwa sababu hakinyooki tena. Tazama kingo za milango na kichwa cha jiko kwa jicho moja, kama fundi seremala anavyotazama ubao.

Baada ya hapo hesabu vipande. Vinavyokosekana mara nyingi ni mpini wa kutikisia wavu, wavu wenyewe, sehemu ya mapambo ya nikeli, na fremu ndogo za madirisha. Sahani ya majivu ikiwa imeoza si tatizo, fundi bati yeyote ataikunja nyingine. Chungu cha moto kikiwa kimepasuka vipande viwili, hilo ni tatizo, na bei ishuke sana au uondoke. Taji usiitegemee kutambua jiko: inashikwa na bolti moja tu, kwa hiyo inahama kutoka jiko hadi jiko.

Cha kutegemea ni maandishi yaliyosubiwa kwenye chuma chenyewe. Karibu kila kipande kina namba yake upande wa ndani, na namba hizo zinapaswa kuwa za familia moja. Ukikuta kipande chenye herufi tofauti, jiko limeunganishwa kutoka majiko mawili. Tarehe ya hataza ukiiona, ichukue kama tarehe ambayo jiko halikuweza kutengenezwa kabla yake. Viwanda viliendelea kutumia kalibu zile zile miaka mingi, kwa hiyo jiko lenye hataza ya 1888 linaweza kuwa la 1905.

Ukipata majiko mawili ya namba ile ile, moja zima kiasi na jingine bovu, chukua yote mawili. Lile bovu litakulipa.

Kubeba

Hapa watu wengi ndipo wanapovunja jiko lililodumu miaka 120.

Chuma cha kusubu ni kigumu lakini hakina mnyumbuko. Kikianguka hakibonyei, kinavunjika. Toa kila kinachotoka: taji, kifuniko, milango, wavu, sahani ya majivu. Milango mingi inakaa kwenye bawaba ya kuchomeka, unainyanyua tu juu. Kisha shughulikia miguu. Katika majiko mengi mguu umeingizwa kwenye mfereji na unashikiliwa na uzito wa jiko pamoja na bolti moja nyembamba. Ukilinyanyua, mguu unachomoka na kuanguka juu ya wa kwako. Ukiliburuta, mguu unakatika shingoni. Kwa hiyo watu wawili wanalinyanyua kidogo, wa tatu anaweka vipande vya mbao chini ya kitako, miguu inatolewa yote, ndipo safari ianze. Usishike kamwe ukanda wa nikeli kama mpini, haujafungwa kwa kazi hiyo.

Kufungua

Piga picha nyingi kuliko unavyodhani zinahitajika, upande wa nyuma na wa ndani hasa. Kila kipande kifungie kibandiko chenye namba na mwelekeo: "ubavu wa kushoto, mshale juu". Pande mbili za jiko zinafanana kama mapacha, ila matundu ya bolti hayafanani.

Kabla ya kugusa viungo, fikiria asbesto. Kamba nyeupe au ya kijivu iliyozunguka mlango wa jiko la zamani, pamoja na saruji ya zamani kwenye maungio, ichukulie kuwa ina asbesto mpaka ithibitike vinginevyo. Usiikwangue ikiwa kavu, usiipige brashi ya mashine, usiipulize. Ukiweza, mwachie mtaalamu mwenye kibali. Kwa uchache ilowe maji yenye sabuni kidogo, vaa barakoa ya vumbi la asbesto na si ile ya kitambaa, ifunge kwenye mifuko miwili na uitupe kwa utaratibu wa eneo lako.

Sasa bolti. Zimekula kutu zikawa kitu kimoja na nati. Kosa la kawaida ni kuionea huruma bolti. Unavuta spana, bolti inagoma, unaongeza bomba refu kwenye spana, na kinachoachia ni sikio la chuma ambalo bolti imepita ndani yake. Bolti mpya unaipata dukani. Sikio la jiko hulipati popote. Kwa hiyo ninafanya hivi. Siku ya kwanza ninapaka mafuta ya kulegeza kutu kila nati na kuondoka. Siku ya pili ninarudia. Siku ya tatu ninajaribu kwa spana fupi, kwa nguvu ya kiganja tu, nikienda mbele na nyuma. Ikikataa, ninapasha nati joto kwa tochi ya gesi mpaka iwe nyekundu kidogo, nikizungusha moto pia kwenye chuma kinachoizunguka ili kisipate joto mahali pamoja tu. Mafuta yanashika moto, kwa hiyo yafute kwanza. Nati ikianza kupoa ninaigusisha mshumaa. Nta inayeyuka na kunyonywa ndani ya uzi wa bolti, unaiona inapotelea kama maji kwenye mchanga. Mara nyingi hapo inaachia kwa mlio mdogo. Isipoachia, ninaikata kwa grainda na kuitoboa mabaki yake kwa drili. Hakuna hatua ya sita ya kutumia nguvu.

Fungua kutoka juu kwenda chini. Fimbo ndefu zinazopita toka kichwani hadi kitakoni ziwe za mwisho, kwa sababu ndizo zinazolishika jiko zima.

Kuondoa kutu

Kuna njia tatu na kila moja ina mahali pake.

Brashi ya waya na msasa zinatosha kwa kutu ya juu juu. Zinachosha, lakini hazina hatari kwa nakshi.

Kupuliza punje ngumu kwa hewa ya mgandamizo ndiyo njia ya haraka kwa jiko zima. Usitumie mchanga wa kawaida: vumbi lake la silika linaharibu mapafu bila kurudi nyuma. Kuna punje za kioo, za garneti na nyinginezo. Usipulize nikeli, na usipulize bati jembamba la jiko la pipa, litapinda.

Njia ninayoipenda kwa vipande vidogo na vyenye nakshi ni ya umeme. Chukua beseni kubwa la plastiki, jaza maji, weka soda ya kufulia nguo, yaani sodiamu kabonati, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita 4. Chumvi ya mezani usiiweke, itatoa gesi ya klorini. Zungusha pembeni vipande vya chuma cha kawaida vya kutupa, viunganishe kwenye waya chanya wa chaja ya betri ya volti 12. Kipande cha jiko kining'inize katikati bila kugusana na vile vya pembeni, ukiunganishe kwenye waya hasi. Ukikosea nyaya hizo, utakuwa unakila chuma cha jiko lako. Usitumie chuma kisichoshika kutu pembeni, kwa kuwa kina kromiamu na maji yatabaki na sumu yake. Fanya kazi hii nje au penye hewa nyingi, maana vijipovu vinavyotoka ni haidrojeni, na zima umeme kabla ya kuingiza mkono. Kesho yake kutu itakuwa imegeuka matope meusi yanayotoka kwa brashi ya kawaida.

Tindikali ninaiepuka. Inaingia kwenye vitundu vya chuma, na miezi sita baadaye kutu inachomoza tena chini ya rangi.

Baada ya kuosha, una dakika chache tu. Chuma kilicho uchi na chenye unyevu kinageuka rangi ya chungwa ukikitazama. Kifute, kikaushe kwa joto, na ukipake mafuta mepesi kikiwa bado kina vuguvugu.

Nyufa na vipande visivyokuwepo

Kwanza uliza ufa uko wapi. Ulio kwenye pambo, mlango au ubavu wa nje unaweza kuungwa kwa shaba ya kuchomelea na ukadumu. Ulio kwenye chungu cha moto, hapana: shaba ya kuungia inayeyuka kwenye nyuzi 900 hivi, na kitovu cha moto wa makaa ya mawe kinapita hapo. Chungu kinahitaji fundi mwenye fimbo za nikeli, anayejua kukipasha chuma chote kabla ya kuchomelea na kukipoza pole pole kwa saa nyingi kikiwa kimefukiwa kwenye majivu au mchanga mkavu. Fundi akikuambia atachomelea dakika 10 umsubiri, mshukuru na uondoke na chungu chako. Mimi niliwahi kusubiri. Ufa wa sentimita 5 ulirudi ukiwa wa sentimita 20, mlio wake niliusikia nikiwa njiani.

Ufa mdogo usiokua unaweza kuachwa. Toboa kitundu mwishoni mwake ili usiendelee, kisha uzibe kwa saruji ya tanuri. Kama jiko lilitengenezwa liwe na matofali ya moto ndani, yarudishe au mimina saruji maalum ya kuhimili moto. Ukuta huo ndio unaokilinda chuma.

Kipande kisichopatikana kinaweza kusubiwa upya kwa kuazima cha mwenzako kama mfano. Hapa kuna mtego. Chuma cha kusubu kikipoa kinasinyaa kwa karibu asilimia 1. Wavu wa sentimita 40 ukitumika kama mfano, utakaozaliwa utakuwa na upungufu wa milimita 4, na matundu yake ya bolti yatakuwa yamesogea. Mwambie msubu aongeze nyama kwenye mfano, au ujenge mfano mpya wa mbao uliokuzwa kwa kiasi hicho.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ni upanukaji. Wavu huo huo ukifikia nyuzi 500 unarefuka milimita 2 hivi. Ukiutosheleza vizuri sana ukiwa baridi, utabana ukiwa moto na hutautikisa. Acha ucheze.

Nikeli na rangi

Nikeli ya zamani ina umanjano wa mbali, joto fulani ndani yake. Kromiamu ni nyeupe inayoelekea buluu, na jiko la 1890 lililopakwa kromiamu linajulikana kutoka mlangoni. Kama nikeli ipo kwa sehemu kubwa, osha kwa sabuni na kitambaa laini, kisha iache na makovu yake. Kama imekwisha, peleka kwa watu wa kupaka kwa umeme na uwaambie wazi: usinisagie nakshi. Kabla ya nikeli wanatakiwa kusafisha, mara nyingi na kuweka tabaka la shaba, na ung'arishaji wa pupa unafuta majani na maua yaliyochongwa na mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote. Ni sehemu ghali kuliko zote katika ukarabati, kwa hiyo isifanywe kabla hujahakikisha jiko linawaka.

Kwa chuma cheusi ninatumia dawa ya grafiti. Paka kidogo sana kwa kitambaa, acha ikauke, sugua kwa brashi ya viatu. Makoti mawili membamba yanashinda moja nene. Rangi ya kuhimili joto ni rahisi zaidi, lakini inaziba mistari ya nakshi na ikichunika inaonekana.

Kuunganisha

Jiko zuri la makaa linapumua pale tu unapoliruhusu. Hewa ikiingia kwenye maungio, huwezi kuudhibiti moto, na usiku utakuta chuma kimekuwa chekundu. Weka saruji ya tanuri kwenye kila mfereji, kalisha kipande, futa iliyozidi. Bolti mpya zipake grisi ya grafiti ili mtu wa baada yako asitukane. Kaza mpaka zishike, kisha rudisha robo mzunguko, chuma kipate nafasi ya kutanuka.

Ulanga wa madirisha unakatwa kwa mkasi wa kawaida. Chagua karatasi zilizo safi, skrubu zake zisibane, la sivyo utapasuka ukipata joto. Kioo cha dirisha la nyumba usithubutu kukiweka. Ulanga wa zamani wenye masizi unaweza kusafika kwa siki ukiwa umepoa.

Saruji ikikauka, subiri usiku, washa taa ndani ya jiko na uzime ya chumbani. Kila mwanga unaouona pasipo na mlango wala dirisha ni kazi iliyobaki. Milango ipime kwa ukanda wa karatasi: ifungie, ivute. Ikitoka bila kugoma, kamba ya mlango ni nyembamba au bawaba imelegea.

Dohani kabla ya kiberiti

Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na makaa ya mawe yanaitoa hata moto unapoonekana umelala. Dohani ikaguliwe na mtu wa kazi hiyo, atazame ndani hadi juu. Maungio ya bomba yafungwe kwa skrubu tatu kila moja. Weka king'ora cha kaboni monoksaidi karibu na jiko na kingine karibu na vyumba vya kulala. Majiko haya hayana cheti cha maabara, na kanuni inayofuatwa Marekani kwa majiko ya namna hiyo ni kuyaweka inchi 36, yaani sentimita 90 hivi, mbali na kila kinachoweza kuungua. Usikipunguze kipimo hicho kwa sababu sebule ni ndogo.

Moto wa kwanza

Uwashe nje kama unaweza, kwa kuni ndogo, nusu saa, kisha poza kabisa. Kesho yake saa moja. Siku ya tatu zaidi. Jiko litatoa moshi na harufu ya dawa mpya, ni kawaida.

Kwa makaa, anza na kuni ngumu mpaka upate kitanda cha makaa mekundu. Vilango vyote viwe wazi. Mwaga tabaka jembamba la anthrasaiti, ngoja ishike, ongeza jingine, mpaka lundo lifike ukingo wa juu wa chungu. Kila unapoongeza, acha kona moja ikiwa nyekundu na wazi. Miali mifupi ya buluu itakimbia juu yake: hiyo ni gesi inayoungua. Ukifunika pote, gesi inakusanyika gizani kisha inawaka kwa mkupuo, milango inafunguka yenyewe na sebule inajaa majivu. Kwa sababu hiyo hiyo, kabla ya kufungua mlango wa kujazia, fungua kwanza kilango cha bomba la moshi na usubiri kidogo.

Ukitikisa wavu, tikisa kwa mipigo mifupi mpaka uone cheche nyekundu zinaanza kudondokea kwenye sahani ya majivu, kisha uache. Wala usiyavuruge makaa kwa fimbo kutoka juu. Aliyezoea kuni hawezi kujizuia, na anthrasaiti ikivurugwa inazima. Majivu weka kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje.

Msimu ukiisha

Majivu ya makaa ya mawe yana salfa. Yakikutana na unyevu yanakuwa tindikali, na bomba la bati linaweza kutobolewa msimu mmoja wa joto likiwa limesimama kimya. Kwa hiyo juma lile lile unalozima moto, toa bomba, ligonge nje, lifagie. Fagia jiko lote ndani, na kwa jiko la kujilisha usisahau njia ya moshi iliyo chini ya kitako, ambayo majivu mepesi hujilaza yasionekane. Pangusa chuma cha ndani kwa mafuta mepesi, ziba tundu la dohani, acha milango wazi hewa ipite. Bomba lihifadhi mahali pakavu, ukiliandikia kwa chaki upande upi unaingia kwenye jiko.